Kalavati halijahama, hesabu ndiyo iliyohama

Ndugu, nimekuelewa: daftari lako linasema kalavati (njia ya maji inayopita chini ya barabara) lililoziba lipo kilomita 23.4 tangu mwanzo wa barabara, fundi kafika hapo kakuta majani matupu. Umetaja pia kwamba kona iliyo kabla ya kulifikia ilinyooshwa. Basi tatizo ni hapo hapo. Njia ikifupishwa mita 180, kila kilicho mbele kinapungua mita 180 kwenye hesabu, ingawa zege halijatikisika.

Acha kuhesabu kutoka mwanzo. Shika alama ya kudumu iliyo karibu: nguzo ya kilomita, ukingo wa daraja, katikati ya njia panda. Andika hivi: "Daraja, ukingo wa upande wa mjini, mita 240 kuelekea mjini, kulia." Mwelekeo usiuache, kulia kwako ni kushoto kwa anayerudi. Pima kwa gurudumu la kupimia, maana odometa za magari (vipima umbali vya kwenye dashibodi) hazikubaliani, hata tairi lililoisha hubadilisha hesabu.

Mimi niliwahi kuandika "mita 60 baada ya kibanda cha chipsi". Tuliporudi, kibanda kimehamia ng'ambo! Hata nguzo zikigongwa husimikwa upya popote, kwa hiyo chukua nukta ya GPS ya kila alama. Namba za zamani usizifute, ziandikie tarehe.

Ila kama kuna bomba au nyaya chini ya bega la barabara (ukanda wa pembeni), usichimbe kwa vipimo hivi. Mwite mwenye bomba au nyaya hizo aje aonyeshe zilipo.