Picha zimenata kwenye kioo: tuzipige laminesheni au tununue kiyoyozi?

SWALI: Shikamoo. Sisi ni kikundi cha wakazi wa Ilala. Tumefungua makumbusho madogo ya mtaa wetu katika vyumba viwili vya nyumba ya zamani, na familia zimetuletea picha kama 140, nyingi za miaka ya 1950 hadi 1970. Masika haya baadhi zimeota madoa meupe, na mbili zimenata kwenye kioo cha fremu. Mwenzetu mmoja anasema zote tuzipige laminesheni, mwingine anataka tuchangishane tununue kiyoyozi. Tufanye lipi?

JIBU: Marahaba. Kati ya hayo mawili msifanye hata moja. Na zile zilizonata msizibandue, hata kwa kona. Nitazirudia.

Picha nyeusi na nyeupe ya miaka hiyo si karatasi tupu. Juu yake kuna utando mwembamba wa jelatini, gundi inayotokana na mifupa na ngozi za wanyama, na ndani ya utando huo ndimo zilimo chembe za fedha zinazojenga sura. Jelatini ikikaa kavu haina neno. Ikipata unyevu inavimba, inalainika, inashika chochote kilichoigusa. Tena ni chakula, kwa hiyo ukungu hauchelewi. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 hadi 70 kwa siku kadhaa mfululizo, ukungu huanza kuota, na alfajiri za masika hapa Dar hupita asilimia 80. Sasa picha imelala kifudifudi kwenye kioo, fremu imebanwa kwenye ukuta ulionyonya mvua. Itapumulia wapi?

Laminesheni ya steshenari huyeyusha gundi ya plastiki kwa joto na kuishindilia kwenye picha, na haitoki tena. Ukungu uliokuwemo unafungiwa humo humo. Niliwahi kuletewa picha ya harusi iliyofanyiwa hivyo: madoa yametanda usoni mwa bibi harusi, yanaonekana wazi chini ya plastiki, na sikuwa na njia ya kuyafikia. Bila plastiki ile ningeyatoa kwa brashi.

Kiyoyozi ni kizuri kikiwaka usiku na mchana, mwaka mzima, jambo ambalo luku ya kikundi haitalimudu. Mtakachofanya ni kuwasha wageni wakija na kuzima mkifunga, na hapo ndipo penye hatari. Tazameni chupa ya soda iliyotoka kwenye friji inavyotoka jasho mezani. Mkipoza chumba hadi nyuzijoto 20, vioo na kuta navyo vinapoa. Mkizima, hewa ya Aprili inaingia kutoka nje, na hewa hiyo huacha maji juu ya kitu chochote chenye nyuzi 24 au chini yake. Maji hayo yanatua kwenye vioo vyenu kila jioni. Chumba chenye joto lisilobadilika kina nafuu kwa picha kuliko chumba kinachopoa na kupata joto kila siku.

Mchango wenu nunueni pangaboi moja kwa kila chumba, na kipima unyevu kidogo. Feni haikaushi hewa, ila haiiachi ituame kwenye pembe na nyuma ya fremu. Hamisheni picha kutoka ukuta unaopigwa na mvua, zikae ukuta wa ndani. Kati ya picha na kioo wekeni kadibodi iliyokatwa dirisha, ili visigusane. Nyuma ya fremu gundisheni vibao viwili vya mbao kavu, isogee mbali kidogo na ukuta. Nimeona watu wakitumia vipande vya kandambili kwa kazi hiyo. Msivitumie, kwa sababu mpira una salfa, na salfa huila ile fedha hadi picha ikageuka manjano na kufifia.

Kusafisha madoa: ngojeni siku kavu, mkae kibarazani, kivulini, si juani. Vaeni barakoa na glavu. Picha zisizonata zitoeni kwenye fremu, zilazeni juu ya karatasi nyeupe zikitazama juu, mpaka ukungu ukauke uwe kama unga. Kisha ufagieni kwa brashi laini ya poda, kutoka katikati kwenda ukingoni. Ukipakaa badala ya kutoka, acheni, haujakauka. Kitambaa kibichi, spiriti na dawa ya kung'arishia nguo visikaribie.

Lakini kinachoninyima usingizi kwa picha 140 ni majina. Ngapi kati yake mnajua waliomo? Nunueni kaunta buku leo. Kila picha ipate namba, kwa mfano 2025.4.12: mwaka ilipofika, fungu la nne, picha ya 12. Namba iandikwe nyuma, pembeni, kwa penseli laini ya 2B bila kukandamiza, kamwe si kwa kalamu ya wino. Karatasi yenye mgongo wa plastiki haishiki penseli. Hiyo iandikeni kwenye bahasha yake. Kisha waiteni wazee mmoja mmoja. Kuna picha tuliyoiandika "sherehe ya familia". Mzee mmoja hakuzitazama nyuso. Alitazama bomba la maji kwenye pembe ya picha, akasema bomba hilo lilikuwa mtaa wa pili, nyumba ile ni ya jirani, na watu wale walikuwa msibani. Andikeni maneno yote, nani kayasema na tarehe gani. Mzee akisema Acacia Avenue, andikeni hivyo hivyo, na kando yake jina la sasa, Samora. Picha ikionyesha Sanamu ya Askari, basi si ya kabla ya 1927. Pia kila familia isaini karatasi moja: picha ni zawadi au azima, na nani anaruhusiwa kupata nakala.

Sasa zile mbili. Jelatini iliyoliwa na ukungu huyeyuka majini, kwa hiyo msiziloweke. Zitoeni kwenye fremu pamoja na vioo vyake, mziweke kwenye skana kioo kikiwa chini, au mzipige kwa simu karibu na dirisha, flashi imezimwa. Kuanzia hapo picha na kioo chake ni kitu kimoja. Vilazeni kwenye boksi bapa, mvipeleke Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, mkaulizie wahifadhi. Mkipanda daladala, boksi likae mapajani, bila kuliinamisha.