Pampu ya bluu haimalizi mwezi: nivute mara ngapi?

SWALI: Habari za kazi, daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina miaka 41, na pumu ninayo tangu utotoni. Natumia pampu ya bluu ya salbutamoli. Zamani kopo moja lilikuwa linanikalia miezi minne hadi mitano. Sasa mwezi hauishi nimeshanunua jingine. Jirani ananiambia niiache kwa sababu inazoesha na inaua moyo, na kweli nikishavuta mikono hutetemeka na moyo hunienda mbio. Mwisho ni kuvuta mara ngapi kwa siku? Nitajuaje dawa imekwisha? Na kopo tupu nilitupe wapi?

JIBU: Nzuri, mwalimu. Kwanza nikurudishie cheo chako: mimi ni mfamasia, si daktari. Lakini swali lako limekuja mahali pake, maana sisi wa kaunta ndio tunaokuuzia kopo la pili na la tatu bila kukuuliza la kwanza limekwenda wapi.

Idadi uliyoiomba ni hii. Pumu ikibana kidogo, mtu mzima huvuta mpulizo 1 au 2, na karatasi iliyomo kwenye boksi kwa kawaida huweka mpaka wa mipulizo 8 kwa saa 24. Inayonitia wasiwasi ni idadi nyingine, uliyoitaja kwa kupita tu. Kopo la kawaida lina mipulizo 200. Likiisha kwa siku 30, unavuta karibu mipulizo 7 kila siku. Hesabu hiyo hata darasa la nne wako wangeipata. Pumu iliyotulia haihitaji pampu ya bluu zaidi ya mara 2 kwa wiki. Kwa kuvuta mipulizo 2 kila mara, kopo hilohilo lingekutosha mwaka mzima au karibu yake.

GINA, jopo la kimataifa linaloandika mwongozo wa pumu, limeweka alama mbili za kutazama. Anayemaliza makopo 3 au zaidi kwa mwaka yumo katika hatari kubwa zaidi ya kubanwa vibaya. Anayefikisha 12, yaani kopo kila mwezi, hatari yake ya kufa kwa pumu imepanda. Wewe umeshafika hapo pa pili, kwa hiyo usingoje likizo, nenda hospitali wiki hii.

Sababu ni kwamba pumu ina mambo mawili kwa pamoja. Misuli inayozunguka njia za hewa inakaza, na utando wa ndani umevimba na kujaa makohozi. Salbutamoli inalegeza misuli ndani ya dakika chache, na nafuu yake hukaa saa 4 hadi 6 hivi. Uvimbe haiugusi kabisa. Unapata pumzi, unarudi ubaoni kwenye vumbi lako la chaki, huku uvimbe unazidi chini kwa chini. Ndiyo maana tangu 2019 GINA haipendekezi tena mtu mzima atibiwe kwa salbutamoli peke yake. Ukifika kwa daktari, mweleze unamaliza makopo mangapi, kisha muulize habari ya steroidi ya kuvuta, yaani dawa ya kupunguza huo uvimbe: ama beklometasoni au budesonidi ya kila siku, ama budesonidi iliyochanganywa na formoteroli, dawa nyingine ya kulegeza misuli, katika pampu moja. Neno steroidi linawatisha wengi, lakini dozi ya kuvuta ni ndogo na inakwenda moja kwa moja mapafuni. Sukutua na uteme maji baada ya kuvuta ili usipate fangasi za mdomoni. Kwa steroidi usitegemee nafuu ya papo hapo, inachukua siku hadi wiki kadhaa. Na usiiache siku utakapojiona mzima, maana uzima huo ndio kazi yake.

Jirani yako ana nusu ya ukweli. Kutetemeka na moyo kwenda mbio ni tabia ya salbutamoli inayojulikana, na hupita. Ila ukiwa na ugonjwa wa moyo au ukisikia maumivu ya kifua, mwambie daktari. Kuitupa pampu ndiyo hatari yenyewe. Nimeona pia watu wanaokimbia pampu wakaangukia vidonge vya salbutamoli kwa kuwa ni rahisi. Vidonge vinachelewa kufanya kazi, vinazunguka mwili mzima, na mtetemeko wake unazidi huo unaoulalamikia.

Halafu kuna jambo ambalo huwa naliangalia kabla ya kumlaumu mgonjwa au dawa. Mzee mmoja alikuja akisema pampu zangu ni feki. Nikamwomba avute mbele yangu. Akabonyeza mara mbili mfululizo, mdomo wazi, na ukungu mweupe ukamtoka puani kama mvuta sigara. Dawa yote ilibaki hewani na kooni. Vuta hivi: tikisa kopo, toa pumzi yote taratibu, bana mdomo wa pampu kwa midomo, anza kuvuta polepole na papo hapo bonyeza mara moja, endelea kuvuta hadi kifua kijae, kisha zuia pumzi kwa sekunde 10. Mpulizo wa pili usubiri nusu dakika au zaidi.

Mkono na pumzi vikikataa kwenda pamoja, tumia speza, yaani chemba ya plastiki inayokaa kati ya pampu na mdomo. Ikikosekana dukani, chupa ya maji ya nusu lita inafaa: toboa kitako kwa umbo la mdomo wa pampu, iingie kwa kubana, uvutie kwenye shingo ya chupa. Si ushamba huo. Madaktari wa Cape Town waliipima kwa watoto waliobanwa na pumu na kuchapisha matokeo mwaka 1999, na chupa ilifanya kazi. Ioshe kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa, plastiki inapata umeme tuli unaonasa dawa.

Kujua kopo limekwisha, usilitie kwenye bakuli la maji uone kama linaelea, kipimo hicho hakiaminiki. Wala usidanganywe na ukungu: gesi huendelea kutoka baada ya dawa kwisha. Kama pampu yako haina kihesabio, andika tarehe ya kuanza juu yake kwa kalamu na upige mistari kila unapovuta.

Ukibanwa sana, yaani huwezi kumaliza sentensi, midomo au kucha zinageuka rangi, au nafuu haifiki saa 4, sahau ule mpaka wa 8. Kaa wima, usilale. Vuta mpulizo mmoja kila nusu dakika hadi dakika moja, hadi 10, na wakati huohuo mtu atafute gari la kukupeleka hospitali. Gari likichelewa na hujapata nafuu, rudia. Usiende peke yako kwa bodaboda.

Ukinunua dawa nyingine yoyote, sema una pumu kabla hujatoa hela. Propranololi ya presha inaweza kukubana na kuifanya pampu isifanye kazi vizuri; hali kadhalika matone ya timololi ya macho. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni huwabana baadhi ya watu wazima, na diklofenaki hapa kwetu inanunuliwa kama peremende.

Kopo tupu lirudishe kwenye famasia yako, uulize kama wanalipokea. Usilitoboe, na lisiingie kwenye takataka zinazochomwa uani, kwa sababu likipata moto hulipuka. Hata lililojaa, usiliache kwenye gari juani.