Dereva wa tuktuk kumkataa abiria

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Naendesha tuktuk, stegi yangu ni Mwembe Tayari, Mombasa. Juzi nilimkataa mtu aliyetaka nimpelekee kreti nne za bia Bamburi. Jioni ile ile nikamkataa mama mmoja aliyevaa msalaba, moyo wangu ulikuwa ushachafuka. Wenzangu wasema chombo cha biashara hakichagui. Mimi nasema namchukua nimtakaye. Nani ana haki?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah. Mwanangu, kwenye kreti ulipatia, kwa yule mama ukakosa.

Asili ya biashara ni kuridhiana, ndivyo isemavyo Suratun-Nisaa aya ya 29. Hakuna wa kukushurutisha kubeba kila kitu. Pombe ndiyo kabisa: katika Hadithi aliyoipokea Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) aliwalaani watu kumi kwa ajili ya pombe, na mwenye kuibeba yumo. Tajiri wako akinung'unika kuwa hesabu haikutimia, mweleze ukweli. Hatiiwi kiumbe katika kumuasi Muumba. Lakini usije ukaanza kupekua mikoba ya watu. Kilichofungwa hukijui, na kupelelezana kumekatazwa. Mlevi anayerudi kwake usiku ana hukumu nyingine. Kumfikisha nyumbani si kumsaidia kunywa, na huenda ukamuepusha kugongwa na gari. Ukihofia usalama wako, muache.

Sasa yule mama. Yeye alikuletea haramu gani? Mtume alipohama kwenda Madina, yeye na Abubakar walimkodi kiongozi wa njia, Abdullahi bin Urayqit, aliyekuwa bado katika dini ya Makureshi. Walimkabidhi ngamia wao wawili, wakaagana naye awafuate pango la Thawr baada ya siku tatu, huku Makka nzima ikiwasaka. Na Mtume alifariki ngao yake ikiwa rehani kwa Yahudi, kwa pishi 30 za shayiri. Yeye aliiamini roho yake kwa mtu wa dini nyingine jangwani, wewe wamkataa mama wa kumfikisha Tudor! Soma Suratul-Mumtahina aya ya 8: wasiotupiga vita wala kututoa majumbani mwetu, hatukukatazwa kuwafanyia wema na uadilifu.

Kuhusu "namchukua nimtakaye": ungekuwa na chombo chako uani, sawa. Ukishapanga foleni stegini umewaita watu wote. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 27, nayo yakataza mtu kumbagua mwenzake kwa dini au mavazi. Usiione ni sheria ya wengine. Ndiyo hiyo hiyo mabinti zetu huishika wanapokataliwa kazi kwa ajili ya hijabu.

Kwa hivyo mzigo uchague, abiria usimchague kwa dini yake. Na yule mama, ukimuona tena hapo Mwembe Tayari, muombe radhi kabla hajakuuliza nauli.

Wallahu a'lam.