Maswali na Majibu: Tairi la Kasi Linalostahimili Barabara za Nairobi

Wiki hii nimechagua maswali ya matairi peke yake, yale ya baiskeli za lami yanayovalishwa tyubu. Mvua zimeanza, na mvua huleta pancha: maji husukuma vipande vya chupa na waya hadi ukingoni mwa barabara, tunakopita sisi, na tairi lililolowa hukatika upesi kuliko kavu.

Ni tairi gani lisilopata pancha? (Msomaji, Kasarani)

Hakuna. Swali hili naletewa kila mara, tena likiwa tupu. Husemi una kilo ngapi, baiskeli yako inaruhusu tairi la upana gani, unapita wapi, wala unajaza upepo kiasi gani. Ukiandika tena taja hayo manne, nami nitakujibu.

Nina kilo 78. Kila siku natoka Ruiru hadi Upper Hill kwa Thika Road, na Jumamosi napanda Limuru hadi Tigoni na wenzangu. Baiskeli ni ya mtumba, breki zake hubana rimu. Nataka matairi yenye kasi ambayo hayataniacha njiani, na ningependa kubaki na tyubu. (Msomaji, Ruiru)

Hivi ndivyo swali linavyoulizwa. Kila tairi linapogusa lami hujibonyeza kisha likajirudi, na huko kujibonyeza ndiko kunakokula nguvu za miguu yako. Tairi lenye kitambaa chembamba na mpira bora hurudisha sehemu kubwa ya nguvu hizo. Tairi nene, gumu, huzimeza. Uimara ni habari nyingine: unatokana na mkanda wa kinga uliofichwa chini ya mpira wa juu, na kitambaa kinacholinda mbavu. Ndiyo maana nawasihi watu waache kununua unene. Nunua mkanda.

Wengi mnaoniandikia mnatumia Continental Gatorskin kwa kuogopa chupa. Ni tairi imara, hasa mbavuni, lakini ni zito kulisukuma, na sipendi linavyoshika lami iliyolowa. Tofauti yake na tairi la kasi kama Grand Prix 5000, la Continental pia, ni wati kadhaa kwa kila gurudumu, na wewe una magurudumu mawili na kilomita nyingi za Thika Road.

Kwako wewe ningeweka Grand Prix 5000 mbele na Grand Prix 4-Season nyuma. La mbele linahitaji kushika vizuri unaposhuka kutoka Tigoni. Lina mkanda mmoja wa Vectran, nyuzi ngumu kukatika, nao unatosha pale mbele. La nyuma hubeba uzito mkubwa na ndilo hupata pancha nyingi, kwa hiyo lipe 4-Season, lenye tabaka mbili za Vectran na kinga ya mbavu. Angalia kwamba Grand Prix 5000 unayouziwa haina herufi S TR mwishoni. Hiyo ni ya kutumika bila tyubu, na ingawa inakubali tyubu, utatoka jasho kuiingiza kwenye rimu. Mfuko ukiwa mwepesi, Vittoria Rubino Pro ni tairi la heshima. Schwalbe Marathon Plus, lenye tabaka la kinga la milimita 5, mwachie anayebeba mizigo. Ukiwa nalo utaachwa na kundi kabla ya kufika Limuru.

Kabla ya kununua upana wa milimita 28, pima fremu. Baiskeli nyingi za mtumba zilitengenezewa tairi la 23, na breki au uma haupitishi zaidi ya 25. Iache nafasi ya milimita 4 kila upande na juu, la sivyo tope la Ruiru litakusugulia fremu mpaka rangi iishe. Na tairi la jina kubwa linalouzwa kwa bei ya kutupa lina sababu. Ama ni bandia, ama limekaa dirishani likipigwa na jua miaka. Likunje ubavuni: ukiona nyufa ndogondogo, lirudishe.

Wenzangu hujaza upepo hadi psi 120 (kipimo kilicho kwenye geji ya pampu) na wanasema ndiyo siri ya kasi. Mimi nina kilo 70, tairi 28. Nifuate? (Msomaji, Lang'ata)

Usifuate. Nimeliandika hili mara nyingi, na bado kila Jumapili asubuhi naona watu wakirukaruka kwenye lami kama mpira wa kikapu.

Ukizungusha tairi kwenye mashine yenye chuma laini, kweli, upepo mwingi huleta kasi. Lakini barabara zetu zina viraka, matuta na kokoto. Tairi gumu halimezi kokoto. Hulipanda, na likilipanda hukunyanyua wewe na baiskeli nzima. Nguvu iliyokunyanyua umeilipa kwa miguu yako, wala haikukusogeza mbele hata kidogo. Mikono inakufa ganzi, mgongo unauma, na ukidhani hiyo ndiyo kasi umejidanganya. Isitoshe, tairi gumu hukatwa upesi na chupa kwa kuwa halinepi juu yake. Nambari iliyochapwa ubavuni ni kikomo cha juu. Hakuna aliyekuamuru uifikie. Hata kwenye mashindano makubwa ya Ulaya, ambako zamani 23 ndiyo ilikuwa sheria, walihamia 25, kisha 28, na upepo wakaupunguza.

Kwa kilo zako na tairi la 28 lenye tyubu, anza na psi 65 mbele na 70 nyuma. Mwenye kilo 60 apunguze 5, mwenye 90 afike 80 na 85. Ukiwa na tairi la 25 ongeza kama 10. La 32, punguza 10 hadi 15. Kisha sikiliza mikono yako na urekebishe kidogokidogo. Usishuke kupita kiasi: ukigonga shimo na upepo ukiwa haba, rimu hubana tyubu na kuiacha na matundu mawili sambamba. Ukiyaona hayo matundu mawili usilaumu mwiba.

Na tafadhali, acheni kujaza upepo kwenye kituo cha mafuta. Kompresa ile ni ya magari na malori. Tyubu yako nyembamba hujaa kwa sekunde chache na geji haisemi ukweli. Nunua pampu ya kusimama yenye geji, iwe ya nyumbani. Ni afadhali pampu nzuri na tairi la kawaida kuliko tairi la maelfu unalolijaza kwa kubonyeza na kidole gumba.

Kwenye mvua, tairi lenye michoro linashika zaidi? (Msomaji, Buruburu)

Hapana. Baiskeli haina mwendo wala upana wa kuelea juu ya maji kama gari. Kinachoshika ni mpira wenyewe. Ogopa mistari ya rangi, vifuniko vya mitaro, na dizeli iliyomwagika kwenye stegi za matatu siku ya mvua ya kwanza.

Nilinunua tairi limeandikwa 28 na baiskeli yangu ni 28. Fundi amehangaika nalo saa nzima halikai. Nimeibiwa? (Msomaji, Dagoretti)

Hukuibiwa, ulinunua kwa kukisia. Hiyo 28 ya inchi haina maana moja. Rimu ya Black Mamba, ile baiskeli nzito ya mizigo, ni inchi 28, na kipenyo chake pale tairi linapokalia ni milimita 635. Baiskeli ya lami ya 700C, ambayo baadhi ya watengenezaji pia huiita 28, ni milimita 622. Kuna na zile za zamani za inchi 27 zinazokuja kwenye mtumba: kwa ajabu, hizo ni 630, kubwa kuliko 700C. Tofauti ya milimita 8 inatosha tairi likatae kabisa, au, jambo baya zaidi, liingie likiwa legelege halafu liruke ukiwa mwendoni.

Sahau inchi. Ubavuni mwa tairi lako la zamani tafuta nambari mbili zenye kistari katikati, mfano 28-622. Ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo. Ya pili lazima ifanane na ya rimu yako. Nenda dukani ukiwa umeiandika, usimwambie muuzaji "nipe ya kawaida".

Tairi ni jipya, la bei, na bado nimepata pancha tatu ndani ya wiki moja, zote nyuma. Nilirudishe dukani? (Msomaji, Rongai)

Kabla ya kulaumu duka, niambie: ulipotoa tyubu uliangalia tundu liko wapi? Nina hakika hukuangalia. Wengi hubandika kiraka, wakarudisha tyubu, wakaondoka, na kilichotoboa bado kimekaa ndani ya tairi kikingoja.

Fanya hivi. Unapofunga tairi, weka maandishi yake yaelekeane na valvu, kila mara. Pancha ikitokea, toa tyubu, ijaze, tafuta tundu, kisha ilaze kando ya tairi kwa kufuata valvu. Utajua ni sehemu ipi ya tairi ya kukagua badala ya kupapasa duara zima. Tundu likiwa upande wa rimu, shida si barabara: ni utepe wa rimu uliosogea, au ncha ya spoku. Likiwa kwenye shina la valvu, ni wewe na pampu yako mnaoivuta kwa nguvu. Likiwa upande wa nje, na kila mara mahali palepale, kuna kitu.

Hapa Nairobi kitu hicho mara nyingi ni uzi wa chuma kutoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka. Mombasa Road na Southern Bypass zimejaa nyuzi hizo. Ni nyembamba kuliko sindano, huzama kwenye mpira usiione kwa nje, na huchungulia ndani nusu milimita tu. Kidole hakiisikii, au kikiisikia kitakatwa. Chukua pamba, ipitishe polepole ndani ya tairi, pande zote mbili. Pamba itanasa, nyuzi zake zibaki zimening'inia pale penye ncha. Kunja tairi hapo, mpira ufunguke, uvute waya kwa kibano au koleo ndogo. Kisha pitisha pamba tena, kwa sababu mara nyingi ziko mbili.

Jenga mazoea ya kukagua mpira wa nje kila ukirudi nyumbani. Kipande cha chupa hakitoboi mara moja. Hukwama, kikasukumwa ndani kidogo kila gurudumu linapozunguka, hadi kufikia tyubu baada ya siku. Ukikichomoa jioni ya kwanza, hiyo pancha haitakuwako. Na uache kupita ukingoni kabisa mwa lami. Uchafu wote hukusanyika pale, na dereva wa matatu akikuona umejibana atakupita kwa kukusugua. Kaa karibu mita moja ndani, uonekane.

Tyubu za TPU zina faida? Na za lateksi je? (Msomaji, Parklands)

TPU, aina ya plastiki, ni nyepesi, nyingi gramu 30 hadi 40, wakati tyubu ya kawaida ya butili hukaribia 100. Hukunjika ikaingia mfukoni, basi beba moja kama akiba. Usiijaze sana ikiwa nje ya tairi, itavimba isirudi, na kiraka cha kawaida hakishiki. Inataka kiraka chake. Ya lateksi ina kasi kweli lakini hupoteza upepo usiku kucha, kila asubuhi ni pampu. Ukiwa na rimu za kaboni na breki za kubana rimu, usiiweke lateksi kabisa: joto la kushuka mlima linaweza kuipasua. Kwa safari za kila siku, butili.

Washindani wengi siku hizi wameachana na tyubu. Sisi tunachelewa? (Msomaji, Kilimani)

Wao wana fundi na gari linalowafuata nyuma. Wewe una fundi aliye kando ya barabara, kutoka Githurai hadi Ngong, ambaye hubandika tyubu kwa dakika chache. Hilo si jambo dogo. Onyo moja, na ulishike: baadhi ya rimu mpya za kaboni hazina kile kidole cha ndani kinachonasa ukingo wa tairi. Rimu hizo hazikubali tairi la kawaida la tyubu, hata liwe zuri namna gani. Zinataka tairi la kutumika bila tyubu lililoandikwa kuwa linafaa rimu za aina hiyo (hookless), na upepo usizidi psi 72. Tairi likichomoka mbele ukishuka Kona Baridi, hakuna kofia itakayokusaidia.

Tukishuka Magadi, joto halitapasua matairi? Nipunguze upepo? (Msomaji, Kiserian)

Acha ulivyo. Joto litaongeza psi chache tu, na tairi zima linazibeba. Chunga miiba ya migunga kandokando ya barabara unapoegesha, na beba tyubu mbili, maana kule hakuna fundi.

Tairi la nyuma lilikatwa na chuma. Fundi amelishona kwa uzi na kuweka gaita (kipande cha tairi kuukuu) ndani, anasema litanimaliza mwaka. (Msomaji, Kawangware)

Kwenye Black Mamba inayobeba mitungi ya maji kwa mwendo wa pole, fundi yuko sahihi, na kazi yake naiheshimu. Kwenye baiskeli ya lami yenye psi 75, gaita ni ya kukufikisha nyumbani. Uzi husagwa na lami, mkato hufunguka, tyubu huchungulia, na siku itakapopasuka hutachagua mahali. Usilitumie mteremkoni, na usilihamishe mbele hata kwa siku moja. Ukipata tairi jipya liweke mbele, lile la mbele lirudi nyuma likamalizikie huko, na hilo lililoshonwa ulikate vipande vidogo vya kubeba kwenye mfuko wa tandiko: kipande kimoja kikiwekwa kati ya tyubu na mkato kitakurudisha mjini.