Akili Ikihama Katikati ya Mashindano ya Shabaha

Mlenga shabaha akipotewa na utulivu mashindanoni, mara nyingi hutaka kuurudisha kwa nguvu. Anakaza mkono, anakodoa macho, anajiambia "tulia, tulia", na hapo ndipo risasi zinapozidi kutawanyika. Nimelenga bastola ya upepo kwa miaka mingi na siku hizi nawafunza vijana hapa Mombasa. Ninalowaambia kwanza ni kwamba utulivu hauji kwa kuamrishwa. Unakuja ukiipa akili kazi moja ndogo ya kufanya, kazi ya mwili, ambayo unaweza kuifanya sasa hivi.

Tuanze na saa, maana hofu ya saa imewaponza wengi. Kwenye bastola ya upepo ya mita 10, mashindano rasmi yanakupa dakika 75 kwa risasi 60, baada ya dakika 15 za kujiandaa na kupiga za majaribio. Ni sekunde 75 kwa kila risasi. Ukitumia sekunde 45 hivi kwa kila moja, utamaliza na nusu saa nzima imebaki. Nusu saa hiyo ni mali yako, na hakuna anayeongezewa alama kwa kumaliza mapema. Lakini kijana akipiga 7 badala ya 10 utamwona anaingiza risasi nyingine mbio mbio, kama aliyekimbizwa, akitaka kuifuta ile. Haifutiki. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nina mwanafunzi mmoja, binti wa Likoni. Kwenye mashindano fulani alikuwa anakwenda vizuri, 9 na 10 zikifuatana, kisha ikaja 7, chini kushoto. Ikafuata 8, pale pale. Nikaona bega lake la kulia limepanda, na kidole gumba kimebana mpini mpaka ukucha umekuwa mweupe. Kwa bahati alikumbuka tulilozoea: akapitisha kwenye mtutu uzi wa usalama, ule unaoonyesha kwamba bastola haina risasi, akaiweka bastola mezani, akamwarifu msimamizi, akaja nyuma.

"Mwalimu, leo mkono si wangu."

Sikumwambia atulie. Nilimwuliza, "Mwanangu, kwenye ile 7, kidole cha shahada kilifanya nini?"

Akafikiri. "Kilivuta ghafla."

"Basi ukirudi, kazi yako ni kidole tu. Alama niachie mimi."

Akafuta kiganja kwa leso, akanywa maji mafundo mawili, akarudi. Iliyofuata ilikuwa 9, lakini macho yangu yalikuwa kwenye lile bega. Lilikuwa limeshuka.

Swali kama lile lina maana yake. Kwa anayetumia mkono wa kulia, risasi zikienda chini kushoto kwa kawaida ni kwamba triga imenyakuliwa badala ya kukamuliwa taratibu. Triga ya bastola ya upepo kisheria haipungui uzito wa gramu 500, na gramu hizo 500 ukizivuta kwa pupa mtutu unainama kabla risasi haijatoka. Duara la kumi lina upana wa milimita 11.5 tu, kwa hiyo kuinama kidogo kunatosha kukunyima alama tatu. Binti aliporudi kwenye mstari akiwa na sababu anayoijua, hofu ilikosa pa kukaa. Anayewaza "nisipige 7 tena" hana la kufanya na wazo hilo. Anayewaza "kidole, polepole" ana kazi.

Wengine kazi yao huwa ni jicho. Ukiona doa jeusi la shabaha liko wazi kabisa, jua macho yamekimbilia mbali. Yarudishe kwenye ncha ya kulengea iliyo mbele ya mtutu: hiyo ndiyo iwe kali, na lile doa liwe na ukungu. Wengine ni pumzi. Toa hewa pole pole, ndefu kuliko ulivyoivuta, mara tatu nne kabla ya kugusa bastola tena. Mapigo ya moyo hushuka kidogo ukitoa pumzi, na wewe unayahisi yakishuka.

Ujuzi ninaouthamini kuliko wote ni kuteremsha mkono bila kufyatua. Ukishikilia zaidi ya sekunde nane au kumi, misuli inaanza kutetemeka na pumzi uliyoizuia inadai haki yake. Teremsha. Risasi usiyoipiga haikugharimu kitu.

Ushahidi upo hata kwa mabingwa. Rio mwaka 2016, kwenye fainali ya bastola ya mita 50, Jin Jong-oh wa Korea Kusini alipiga 6.6 na kuporomoka hadi nafasi ya saba. Hakuifukuzia. Akaendelea risasi kwa risasi mpaka akachukua dhahabu kwa alama 193.7, dhahabu yake ya tatu mfululizo ya Olimpiki katika mchezo huo. Kinyume chake ni Matthew Emmons wa Marekani, Athens mwaka 2004. Alikuwa anaongoza, imebaki risasi moja, akaipiga kwenye shabaha ya jirani yake. Sufuri, na nafasi ya nane. Baadaye alieleza kwamba alikuwa ameshughulika kujituliza hata hakutazama namba ya shabaha. Hapo ndipo ninaposisitiza: hata kujituliza kunaweza kukutoa kazini.

Pwani yetu ina mitihani yake. Joto la Februari na Machi hulowesha kiganja, na mpini ukiteleza akili huufuata. Weka kitambaa kikavu mezani, na kunywa maji tangu asubuhi, usingoje kiu. Kahawa tungu kunywa kiasi ulichozoea. Siku ya mashindano si siku ya kuongeza kikombe wala ya kuacha ghafla ukaumwa kichwa.

Na akikunong'oneza mtu kuhusu vidonge vya kupunguza mapigo ya moyo, kataa. Vimepigwa marufuku kwenye mchezo huu, mashindanoni na nje ya mashindano. Beijing mwaka 2008, Kim Jong-su wa Korea Kaskazini alipokonywa medali mbili kwa dawa ya aina hiyo. Kama daktari amekuandikia kwa ugonjwa, kuwaarifu viongozi wa mchezo hakutoshi: usishindane mpaka upate kibali rasmi cha kutumia dawa hiyo kwa matibabu.

Haya yote yafanyie mazoezi wakati umetulia. Siku moja ya wiki waombe wenzako wapige soga nyuma yako, wafungulie redio, waangushe kiti ukiwa umeinua mkono. Kila ukishtuka, teremsha mkono, toa pumzi, taja kazi moja, anza upya. Usihesabu alama siku hiyo. Hesabu ni mara ngapi uliteremsha mkono ulipostahili kuuteremsha.