Gereza limefurika, wanaoingia hawajaongezeka: nihesabu nini?

SWALI: Shikamoo afande. Nimehamishiwa ofisi ya kumbukumbu katika gereza la wilaya, hapa Tanzania. Kila mwezi tunapeleka mkoani idadi ya mahabusu walioingia, waliotoka na waliopo. Mkuu wa Gereza ameniuliza kwa nini tumefurika wakati wanaoingia ni idadi ileile ya mwaka jana, nikakosa jibu. Nikusanye takwimu gani, na nizitumieje? Kompyuta hatuna.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Jibu la mkuu wako limo kwenye daftari ulilonalo, katika safu mbili ambazo ni nadra mtu kuzisoma pamoja: tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka. Msongamano unatokana na wangapi wanaingia na kila mmoja anakaa siku ngapi. Ninyi mnahesabu watu tu, siku walizokaa hamzihesabu.

Chukua mfano wa kupigia hesabu. Wanaingia mahabusu 4 kwa siku, na kwa wastani kila mmoja anakaa siku 30. Zidisha: 4 mara 30, utakuwa na watu 120 ndani siku yoyote ile. Sasa kesi zikianza kusuasua na wastani ukafika siku 45, ndani watakuwa 180. Langoni hakuna kilichobadilika, bado wanaingia 4 kwa siku, lakini umeongezewa watu 60 wa kulala na kula.

Hapo kuna mtego, na nakuomba uutazame kwa makini kwa sababu ndio uliotupotezea muda mwingi. Wastani unaficha watu. Katika wale 4, tuseme 3 wanapata wadhamini na kuondoka baada ya siku 2, na mmoja anakaa siku 114. Jumla ni siku 120, gawa kwa 4, wastani ni uleule wa siku 30, ingawa hakuna hata mmoja aliyekaa siku 30. Ukiingia mabwenini utakuta 6 wa wale wa siku mbili (3 kwa siku mara 2) na 114 wa kundi la yule mmoja (1 kwa siku mara 114). Yaani robo ya wanaoingia ndiyo inayojaza karibu gereza zima. Ukitumia nguvu zako kuwaharakisha wale wa siku mbili, hutaona nafuu.

Kwa hiyo fanya hesabu mbili. Ya kwanza ni ya waliotoka mwezi huo: kila mmoja alikaa siku ngapi. Ya pili ni ya waliopo leo: kila mmoja ana siku ngapi tangu aingie. Hiyo ya pili usiiache, maana wanaokaa sana hawaonekani kwenye orodha ya wanaotoka. Wagawe kwa makundi: chini ya wiki, hadi mwezi, hadi miezi mitatu, hadi mwaka, zaidi ya mwaka. Na mbele ya kila jina andika kinachomzuia: amekosa wadhamini, kosa halina dhamana, upelelezi haujakamilika, mashahidi hawajafika. Usiwe na safu ya "mengineyo". Nakuhakikishia baada ya miezi miwili nusu ya gereza itakuwa imehamia humo.

Kabla ya kupiga hesabu yoyote, safisha daftari. Gereza moja nililopangiwa zamani, daftari lilionyesha watu 11 zaidi ya waliohesabiwa jioni kabla ya kufunga. Hakuna aliyetoroka. Walikuwa wamepata dhamana mahakamani, karandinga likarudi bila wao, na tarehe ya kutoka haikujazwa. Wengine walikuwa mtu mmoja aliyeandikwa Saidi, kisha Said, kisha Seif, kwa namba tatu tofauti. Kila jioni karandinga likirudi, linganisha hati za mahakama na waliomo kabla hujafunga daftari, na mtu akirudi gerezani mara nyingine mtafute kwa jina la baba na alama za vidole kabla ya kumpa namba mpya.

Kuhusu kompyuta, usivunjike moyo. Kanuni za Nelson Mandela kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinakubali katika kanuni ya 6 daftari lenye kurasa zenye namba na saini, mradi asiweze mtu kulichezea. Kanuni ya 10 inataka kumbukumbu hizo zitoe takwimu za kufanyia maamuzi. Kanuni ya 9 inadai usiri, basi takwimu zinazokwenda mkoani ziende bila majina, na habari za ugonjwa wa mtu zisionekane kamwe kwenye kundi la WhatsApp.

Namna ya kuzitumia: sheria yetu hairuhusu kesi ya mtu aliyeko mahabusu kuahirishwa zaidi ya siku 15 kwa mara moja. Mwenye siku 114 ameshapanda karandinga walau mara saba kwenda kusikia kesi yake ikitajwa tu. Idadi hiyo ya safari iandike pia. Kisha kabla ya kikao cha kusukuma kesi, mpe mkuu wako karatasi moja: waliozidi siku 60, kilichowazuia, na mara ngapi kesi imeahirishwa. Mkaeni na hakimu, mwendesha mashtaka na polisi, msome mstari kwa mstari. Ukisema "tumejaa" watakupa pole. Ukisema "hawa 38 wanasubiri jalada lirudi kutoka kwa mpelelezi", kuna mtu mezani atakayelazimika kujibu.

Anza na waliopo leo asubuhi. Kwa watu 200 na kalamu, ni kazi ya siku mbili.