Anza pale ulipokwama: kwa mdogo wangu anayesoma fasihi ya Marekani

Wiki iliyopita binamu yangu, aliyeanza chuo Marekani mwaka huu, alinitumia ujumbe wa sauti usiku wa manane. Kapewa kazi ya kuandika kurasa tatu kueleza alivyoguswa na barua ya Martin Luther King, mpigania haki za Weusi, kutoka jela ya Birmingham, jimbo la Alabama. Kaisoma mara mbili, imemuumiza, na karatasi bado nyeupe. "Dada, niandike nini zaidi ya kusema ubaguzi ni mbaya?" Nilimjibu kwa kifupi, lakini swali lake limekaa nami tangu siku ile, maana mimi mwenyewe nilikwama palepale karibu muhula mzima. Basi namjibu hapa kwa kirefu, na wengine mlio njia hiyohiyo someni pamoja naye.

Insha yangu ya kwanza ilijaa maneno makubwa: dhuluma, utu, ukombozi, usawa. Yote yalikuwa ya kweli, na hakuna hata moja lililotoka kwangu. Profesa aliirudisha akiwa ameandika swali moja pembeni kwa penseli: ni sentensi ipi iliyokusimamisha? Sikuwa na jibu. Nilirudi bwenini nikaifungua barua upya, safari hii kalamu mkononi, nikawa natia alama kila mahali nilipojikuta nimeacha kusoma bila kukusudia. Mdogo wangu, fanya hivyo kwanza, kabla hujaingia mtandaoni kutafuta wengine wamesema nini. Ukishasoma maoni ya watu kumi hutajua tena lipi lilikuuma wewe.

Barua yenyewe ni ya tarehe 16 Aprili 1963. Viongozi wa dini wanane, wote Wazungu, walikuwa wametoa tamko kwamba maandamano ya Birmingham si ya busara na wakati wake haujafika. King alilisoma akiwa rumande, akaanza kuwajibu kwenye kingo za gazeti. Katikati ya jibu hilo kuna sentensi moja ambayo kwa Kiingereza ina maneno zaidi ya 300. Inakwenda kwa "unapoona", "unapojikuta", "unapolazimika", inapanga jambo juu ya jambo, na nukta haiji. Mmoja wa watu waliomo ni binti yake wa miaka sita, ambaye ameona tangazo la bustani ya michezo kwenye televisheni, na baba ulimi unakuwa mzito kumweleza kwamba watoto Weusi hawaruhusiwi. Wale viongozi walimwambia asubiri. Sentensi hiyo inawasubirisha wao.

Wengi darasani kwetu walisimama kwa yule mtoto, na walikuwa na haki. Mimi nilisimama mbele kidogo, pale King anaposema kwamba mwanamume Mweusi anaitwa "boi", yaani mvulana, hata awe na umri gani, na kwamba mkeo na mama yako hawapewi kamwe lile neno la heshima, "Mrs." Kaneno hako wenzangu walikapita, mimi nikashindwa kuendelea. Nimekulia Mwanga, Upareni, kaskazini mwa Tanzania. Ukimpita mtu mzima njiani bila shikamoo, habari zilikuwa zinafika nyumbani kabla yako. Mama yangu mtaani haitwi jina lake tupu, ni Mama fulani, hata na wanaomzidi umri. Na babu yangu mzaa mama, miaka ya 1950, alifanya kazi ya ndani kwa meneja wa shamba la mkonge upande wa Korogwe. Alikuwa na watoto wanne na mvi zimeanza, na huko aliitwa boi. Alitusimulia hilo mara moja tu, jioni moja akichambua maharage kwenye ungo, na muda wote hakuinua macho.

Unaona basi. Lugha uliyolelewa nayo inakupa jicho ambalo mwenzako wa Ohio hana. Litumie bila aibu.

Lakini hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, na ningependa wewe ulikwepe. Nilivyofurahi kupata pa kuanzia! Nikaandika kurasa nzima za babu, mkonge, meneja, na King nikamwacha jela. Insha ikarudi tena: babu yako nimemfahamu, sasa nieleze barua. Iliniuma, kisha nikakubali. Ukikuta jambo la kwao linafanana na la kwenu, liandikie aya moja, halafu ujiulize mambo hayo mawili yanaachana wapi. Babu alinyimwa heshima na mgeni aliyetawala nchi isiyo yake, na Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru. Mtu Mweusi wa Alabama aliitwa boi na karani wa mji wake, polisi wa mji wake, hakimu wa nchi yake. Hakukuwa na bendera ya kushusha wala meneja wa kumsindikiza bandarini. Uraia wake ulikuwa ndani ya katiba tangu 1868, na marekebisho ya 1870 yalikataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi. Alichokuwa anadai alishapewa kwenye maandishi karibu miaka mia nyuma.

Nilipofika hapo ndipo nikaona kitu nilichokuwa nimekiruka mara zote. Kabla tu ya ile sentensi ndefu King anatutaja sisi. Anasema mataifa ya Asia na Afrika yanakimbilia uhuru kwa mwendo wa ndege ya jeti, huku wao wakijikokota kwa mwendo wa kigari cha farasi kuelekea kikombe cha kahawa mgahawani. Babu yangu yumo kwenye ile jeti! Bila kutafuta panapoachana nisingemwona kamwe.

Jambo jingine: usiiache historia ikae upande wake na fasihi upande wake. Nilikwenda maktaba na neno langu moja, jina la heshima, nikalitafuta kwenye kumbukumbu za miaka ileile. Nikakutana na Mary Hamilton. Alikuwa mwanaharakati wa CORE, shirika la kupigania haki za Weusi, na mwaka 1963 alisimama kizimbani Gadsden, Alabama. Mwendesha mashtaka alikuwa akiwaita mashahidi Wazungu kwa heshima zao, na yeye akamwita Mary. Akajibu kwamba jina lake ni Miss Hamilton, aitwe sawasawa. Akaitwa Mary tena. Akasema hatajibu swali. Hakimu akamwamuru ajibu, akakataa, akapewa siku tano jela na faini ya dola 50 kwa kosa la kudharau mahakama. Shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwezi Machi 1964 hukumu hiyo ikatenguliwa. Yale majibizano ya kizimbani ni mistari michache tu. Yasome kwa sauti kama unavyosoma tamthilia, utasikia mtu akiwekeza mwili wake wote kwenye neno moja.

Kisha msome Fannie Lou Hamer, na ikiwezekana msikilize, sauti yake ipo. Huyu alikuwa mama wa mashamba ya pamba ya Mississippi, mtoto wa mwisho kati ya 20. Mwaka 1962 alikwenda Indianola kujiandikisha kupiga kura, na aliporudi akafukuzwa kwenye shamba alikoishi na kufanya kazi miaka 18. Tarehe 22 Agosti 1964 alitoa ushahidi mbele ya kamati ya chama cha Democratic mjini Atlantic City. Sikiliza anavyoanza. Anajitambulisha: jina langu ni Mrs. Fannie Lou Hamer, kisha nyumba namba ngapi, mtaa gani, mji gani. Nilipoisikia mara ya kwanza nilidhani ni taratibu za kamati tu. Baada ya King na Miss Hamilton nikaelewa kwamba lile "Mrs." ni sehemu ya ushahidi.

Na katikati anasimulia jela ya Winona, Mississippi, Juni 1963. Yuko seli, anasikia mwenzake akipigwa chumba kingine. Sauti ya kiume inamuuliza yule mwanamke, huku ikimtukana, kama anaweza kusema "ndiyo, bwana." Anajibu kwamba anaweza. Haya, sema basi. Na yeye, katikati ya kipigo, anajibu kwamba hamfahamu mtu huyo kiasi hicho.

Nilijaribu kulitafsiri jibu hilo jioni nzima. "Sikujui vizuri" ni dogo mno. "Hatujazoeana" linavuta utani ambao haupo. Niliishia na "Hatujafahamiana kiasi cha kukuita bwana," na bado naona limerefuka. Lakini jioni ile nilielewa yule dada amefanya nini. Ametumia adabu yenyewe kumnyima heshima mtu asiyeistahili, na hakukosea adabu hata chembe. Bibi zetu wanaijua silaha hiyo. Ndiyo sababu nakushauri uandike rasimu ya kwanza kwa Kiswahili, au angalau utafsiri ile mistari miwili mitatu iliyokusimamisha. Kiingereza cha darasani kinateleza, unaweza kujaza kurasa bila kugusa kitu. Ukilazimika kutafuta neno la Kiswahili la "Mrs.", na kuchagua kati ya Bi, Bibi na Mama, unalazimika kujua hasa ni kitu gani walichonyimwa.

Kuhusu darasani nitasema kidogo. Utakutana na lile tusi la Weusi kwenye vitabu hivi, limeandikwa wazi. Ukisoma kwa sauti liruke, na kwenye insha huna haja ya kulirudia. Na usijifanye msemaji wa Wamarekani Weusi waliomo darasani kwa kuwa rangi ni moja. Mimi nilifanya hivyo wiki ya tatu, na baada ya kipindi msichana mmoja aliniambia taratibu kwamba bibi yake aliishi hayo mambo na yuko hai. Nilimwomba radhi, na tangu hapo nikawa namuuliza kabla ya kueleza. Tuliishia kusoma pamoja hadi mwisho wa mwaka.

La mwisho, kwa sababu wewe ni mtoto wa Upare kama mimi. Muhula wa pili nilikuwa nasoma habari za Bob Moses, kijana mwalimu wa hisabati kutoka New York, aliyekwenda Mississippi 1961 kuwasaidia watu kujiandikisha kupiga kura. Alipigwa akashonwa nyuzi kichwani, akamshtaki aliyempiga, na baraza la wazee wa mahakama, Wazungu watupu, likamwachia huyo mtu huru. Nikafungua ukurasa, nikasoma kwamba mwaka 1969 yeye na mkewe walihamia Tanzania, na miaka kadhaa alifundisha hisabati Same, hukohuko kwetu Upare.

Same! Stendi niliyonunulia mahindi ya kuchoma kila nikisafiri na basi kwenda Dar. Nilisimama pale maktaba, wenzangu wananitazama.

Insha niliyoandika wiki ile ndiyo pekee niliyoitunza. Niliianza na hakimu wa Gadsden na kuimalizia barabarani Same, jioni, shule zimefungwa. Nilimwandika Moses akitembea kuelekea sokoni, na watoto wanaorudi kuchota maji wanamkuta njiani, wanasimama na ndoo zao kichwani na kumwambia, "Shikamoo, mwalimu."